Mshahara wa Mwezi, Kodi ya Miezi Sita

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wafanyakazi vijana wa mtaani kwetu, Tabata, Dar es Salaam. Wengi walikuwa zamu siku hiyo na wameomba waisome. Naiweka yote, kama ilivyosemwa.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana wangu, hamjambo?

Namshukuru mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa kutuachia ukumbi huu, na nawashukuru nyinyi mliotoka kazini mkaja moja kwa moja bila hata kupita nyumbani. Naona sare za ulinzi, naona sare za uuguzi, naona walimu. Poleni na kazi.

Nianze na swali, na naomba mnyooshe mikono. Nani humu ndani analipwa mshahara wake mara moja kila baada ya miezi sita? Hakuna. Nani anapewa mshahara wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja? Hakuna. Haya, nani ana mwenye nyumba anayepokea kodi ya mwezi mmoja mmoja? Naona mkono pale dirishani. Naona mwingine. Mikono minne, na ukumbi umejaa mpaka mlangoni.

Basi, ndugu zangu, jambo nililokuja kusema mmeshalisema wenyewe. Mshahara wetu ni wa mwezi, na kodi yetu ni ya miezi sita. Shida nyingi tunazozilaumu kwa majina mengine, madeni, kuishi mbali, kugombana na baba mwenye nyumba, kuamka usiku wa manane kupanga foleni ya daladala, ukizifuata mpaka kwenye mzizi wake unakuta hilo. Mshahara wa mwezi, kodi ya miezi sita.

Mimi ni karani wa mishahara. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandaa karatasi za malipo za watu kama nyinyi. Kuna maneno nayasikia redioni na kwenye semina, kwamba vijana wa mjini hawajui kubana matumizi, wanamalizia mshahara kwenye simu na viatu. Nayakataa maneno hayo. Nimeona watu makini sana, watu wasiokunywa hata soda, wakija dirishani kwangu tarehe 10 kuomba advansi. Ukiwauliza kulikoni, jibu ni moja: kodi imeisha.

Tuitazame karatasi yenyewe ya mshahara, kwa kuwa wengi mnaisaini bila kuisoma. Chukua mfanyakazi wa kampuni binafsi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 500,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 50,000. Zinabaki 450,000, na hizo ndizo zinazoingia kwenye hesabu ya PAYE, kodi ya serikali inayokatwa kwenye mshahara. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Zile 180,000 zilizozidi zinatozwa asilimia 8, sawa na 14,400. Kama ulisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 75,000. Mkononi unafika na shilingi 360,600. Na huyo ni mtu wa laki tano! Mei Mosi ya mwaka 2025 kule Singida, Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Sekta binafsi nayo ikapata amri mpya ya mishahara kuanzia Januari 2026, ambapo wastani wa kima cha chini umepanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Ni hatua, na nashukuru kwa hatua hiyo. Lakini hata ukiongezwa, nyongeza inakuja kwa mwezi. Kodi bado inakusubiri kwa miezi sita.

Sasa niwape kisa cha kijana mmoja, fundi maabara. Simtaji jina, na nimebadilisha machache asijulikane. Alipata kazi kwenye zahanati moja hapa mjini, mshahara wake uleule wa kufika mkononi kama laki tatu na sitini. Alikuwa amefikia kwa mjomba wake Gongo la Mboto, analala sebuleni na watoto. Akatafuta chumba. Dalali akamzungusha, elfu kumi ya kuonyeshwa, akapata chumba kimoja, umeme upo, choo cha nje, shilingi 80,000 kwa mwezi. Bei si mbaya. Ukitoa 80,000 kwenye 360,600 unaweza kuishi. Lakini alitakiwa kulipa miezi sita: 480,000. Na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 80,000. Jumla 560,000, kabla hajanunua godoro, kabla hajanunua ndoo ya kuogea.

Hebu niambieni, mtu anayepokea 360,600 anaitoa wapi 560,000?

Alikuwa na akiba ya elfu sitini. Laki tano akaenda kuzikopa kwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Mnawafahamu. Ofisi ya mlango mmoja, bango la rangi, hakuna leseni ukutani. Masharti: chukua laki tano, mwisho wa mwezi rudisha laki sita na nusu. Ukishindwa, lipa riba ya 150,000, deni linabaki palepale. Na dhamana ni kadi ya benki, pamoja na namba ya siri. Kila mshahara ulipoingia, mkopeshaji ndiye alikuwa wa kwanza kufika kwenye mashine ya kutolea pesa. Alikata chake, akamwachia kijana kilichobaki.

Kwa miezi minne kijana yule alilipa riba tupu. Laki moja na nusu mara nne ni laki sita. Deni lenyewe bado laki tano! Laki sita kwa chumba cha elfu themanini ni kodi ya miezi saba na nusu. Yaani alilipia nyumba ambayo hakuishi mtu. Na mwezi wa sita ulipofika, kodi ikaisha tena.

Kijana huyu alikosea wapi? Alikunywa? Alihonga? Alinunua simu kubwa? Hapana. Chumba chake aliweza kukilipia. Alichoshindwa ni mkupuo. Mniwie radhi nikirudia, lakini nataka mtoke nalo humu ndani: tatizo lake la kwanza halikuwa bei ya chumba, lilikuwa mkupuo.

Na hawa wakopeshaji wamehamia kwenye simu pia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Programu inachukua namba zote za simu yako, ukichelewa siku moja wanamtumia bosi wako ujumbe, wanamtumia mama mkwe, wanamtumia mchungaji. Nawasihi, kabla hujabonyeza kukubali, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na kadi yako ya benki usimkabidhi mtu. Hata awe nani.

Najua hapa wengine mnangoja niwaseme wenye nyumba. Siwasemi, na nitawaeleza kwa nini. Wamo humu ndani, wamekuja kutusikiliza, na wengi wao si matajiri. Nyumba nyingi za Buguruni, za Manzese, za Mbagala, za hapa Tabata zimejengwa tofali kwa tofali, miaka kumi, miaka kumi na tano, bila mkopo wa benki. Kodi ya miezi sita ndiyo inayopandisha kenchi. Ndiyo ada ya mtoto Januari. Ndiyo ya kuvuta maji. Benki haikumkopesha mwenye nyumba, kwa hiyo wapangaji ndio wamekuwa benki yake, bila riba.

Na sheria nayo iko kimya kwenye jambo hili. Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi, na kama inalipwa kwa mwezi au kwa mwaka, ni makubaliano ya watu wawili: mmoja ana chumba, mwingine ana mabegi barazani. Mnajua makubaliano ya namna hiyo yanavyokwenda. Viongozi wamelisema zaidi ya mara moja, kwamba mpangaji aruhusiwe kulipa kwa mwezi, na bungeni limezungumzwa. Bado tunangoja. Lakini kuna mambo hayangoji Bunge.

Kuna mama mmoja mjane huko Vingunguti, ana nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba sita vya wapangaji. Alikuwa anakusanya kodi mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Januari nyumba ina neema: ada zinalipwa, sare za wajukuu zinanunuliwa, watu wanakuja kuazima. Ikifika Machi, mama hana kitu. Aprili anakopa unga dukani. Yeye mwenye nyumba anakopa unga! Mpangaji wake mmoja, dada muuguzi, aliyekuwa amekaa mwaka mzima bila ugomvi, akamwendea jioni moja kwa heshima. Akamwambia, mama, kodi yako sitaigusa hata shilingi. Naomba tu nikuletee kila tarehe 28 kwenye simu yako, na nitakuachia kodi ya mwezi mmoja kama amana, nikichelewa ukate hapo. Mama akasita. Akaenda kuwauliza wanawe. Mwishowe akasema, tujaribu wewe peke yako.

Mwaka uliofuata vyumba vinne kati ya sita vilikuwa vinalipa kwa mwezi. Mama anapata fedha kila mwisho wa mwezi, kama mtumishi. Hakopi unga. Na kitu ambacho hakukitarajia: wapangaji wameacha kuhama. Zamani kila Julai chumba kimoja au viwili vilikuwa wazi, maana mtu akikosa mkupuo anafunga virago anakwenda kwa ndugu, na chumba kinakaa mwezi na nusu kikingoja dalali.

Nimewaeleza kisa hiki kirefu kwa sababu nataka mwige alivyofanya yule dada. Hakudai siku ya kuhamia, wakati mama hamjui. Alisubiri amejulikana. Hakuomba punguzo. Alikuja na amana mkononi. Na kama wako atakataa mwezi mmoja, omba miezi mitatu. Mitatu siyo sita. Wazee wangu wenye nyumba mlioko mbele, nawaomba nanyi: mpangaji akija na maneno ya namna hii, msimwone mjanja. Mpeni nafasi, jaribuni chumba kimoja.

Je, akikataa kabisa? Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nitakaa hapa kidogo.

Wangapi mnacheza mchezo? Upatu? Naona karibu akina dada wote na akina kaka wachache. Mchezo wengi tunaucheza kwa vyombo, kwa vitenge, kwa kochi. Sasa sikilizeni hesabu hii, na mwenye simu aifungue apige nami. Chukua watu sita. Kila mmoja chumba chake ni elfu themanini kwa mwezi, na kila mmoja anadaiwa miezi sita. Kila mmoja mwisho wa mwezi anatoa elfu themanini. Sita mara elfu themanini ni ngapi? 480,000. Na kodi ya miezi sita ya mtu mmoja ni ngapi? 480,000. Shilingi kwa shilingi, hakuna inayobaki wala inayopungua!

Kwa hiyo Januari mnamlipia wa kwanza, Februari wa pili, Machi wa tatu, mpaka Juni wa sita. Julai ya wa kwanza imeisha, na zamu imemrudia. Mwenye nyumba anapata mkupuo wake kama anavyotaka. Wewe unalipa kwa mwezi kama mshahara wako unavyokuja. Hakuna riba. Hakuna kadi ya benki iliyoshikwa na mtu.

Jambo la msingi ni tarehe. Kundi halifanyi kazi kama kodi zenu zote zinaisha Januari. Lazima zipishane, mwezi mmoja mtu mmoja. Ndiyo maana kwenye kundi la kwanza ninalolijua, la wauguzi na walimu wachanganyiko, kazi ngumu haikuwa fedha, ilikuwa kupanga tarehe. Wawili kodi zao zilikuwa zinaisha mwezi mmoja. Mmoja akaenda kwa mwenye nyumba wake akalipia miezi miwili ya nyongeza, tarehe yake ikasogea mbele, wakapishana. Na kama vyumba vyenu bei zake ni tofauti, chagueni wa bei zinazokaribiana. Wa laki na nusu asichanganywe na wa elfu hamsini, mtavunjika mapema.

Najua mnachokifikiria. Akikimbia je? Mtu anapokea Januari, Februari simu haipatikani. Ni hofu ya haki, michezo mingi imefia hapo. Wale wauguzi na walimu walifanya hivi: fedha haipiti mkononi mwa mwanachama. Inakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba wa aliye zamu, na risiti inapigwa picha inawekwa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Wakawa wote wanafahamiana makazini, siyo watu waliokutana mtandaoni. Na kila mmoja ana mdhamini ndani ya kundi, aliyesaini kwenye daftari kwamba mwenzake akikwama yeye analipa mwezi huo. Mwezi wa kwanza ni wa yule mwenye kodi iliyo karibu kuisha, siyo wa mwenye sauti kubwa. Kuna mwezi mmoja mwenzao alifiwa akashindwa kutoa. Mdhamini akalipa, naye akamrudishia taratibu. Kundi likaendelea.

Wenye SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, kazini kwao mna njia pana zaidi, kopeni huko kwa ajili ya kodi, riba yake inabebeka. Lakini mlinzi wa kampuni ya watu thelathini hana SACCOS. Ana wenzake watano. Wanatosha.

Niingie kwenye umbali, kwa kuwa najua wengi mmeshaanza kutazama vyumba vya Chanika na Mbondole.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi! Wamekwenda kuishi wapi? Si Upanga. Si Oysterbay. Wamekwenda pembezoni, Kivule, Chanika, Mbagala ya ndani, Bunju, Goba. Kazi zao je? Zimebaki palepale, Kariakoo, Posta, Barabara ya Nyerere, Ubungo.

Dada mmoja muuza duka Kariakoo alikuwa anaishi Buguruni, chumba 90,000. Daladala moja, 600 kwenda, 600 kurudi. Kwa siku 26 za kazi nauli yake ilikuwa 31,200. Kodi ilipoisha hakuwa na mkupuo. Akasikia Chanika kuna chumba cha 40,000. Akahama, akafurahi, ameokoa elfu hamsini kila mwezi.

Tupige hesabu naye. Kutoka chumbani mpaka kituoni ni bodaboda, buku. Halafu daladala mpaka Gongo la Mboto, halafu jingine mpaka mjini. Jumla 2,500 kwenda, 2,500 kurudi. Elfu tano kwa siku. Kwa siku 26 ni 130,000. Ameokoa 50,000 kwenye kodi, ameongeza 98,800 kwenye nauli. Kila mwezi anapoteza 48,800, na bado sijahesabu kwamba anaamka saa kumi alfajiri, anarudi saa tatu au nne usiku, hana nguvu ya kupika, ananunua chipsi njiani. Sijahesabu mtoto wake anayemwona amelala asubuhi na amelala usiku. Hilo silijui namna ya kuliandika kwenye karatasi ya mshahara, lakini ni gharama, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote.

Sasa kwa nini msichana mwenye akili, anayepiga hesabu za duka zima kichwani, akafanya uamuzi wa hasara? Kwa sababu 90,000 mara sita ni 540,000, na hakuwa nazo. Na 40,000 mara sita ni 240,000, akazipata. Mkupuo! Mkupuo ndio uliomhamisha, siyo bei. Mnaona tunavyorudi palepale?

Kwa hiyo usiulize tu chumba ni bei gani. Jumlisha kodi ya mwezi na nauli ya mwezi, ndiyo bei ya chumba. Panda usafiri wa njia hiyo mwenyewe siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujampa dalali hela yake. Dalali atakupeleka Jumapili mchana wakati barabara ni nyeupe. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kati ya Kimara na mjini, watu wa njia ile wanajua tofauti ya kukaa hatua chache kutoka kituoni na kukaa bodaboda mbili ndani. Na kama una rafiki wa kweli, chumba na sebule ya karibu mkigawana inaweza kuwa nafuu kuliko vyumba viwili vya mbali. Nisieleweke vibaya: aliyekwenda Chanika kwa sababu amenunua kiwanja na anajenga, huyo yuko kwenye safari nyingine, Mungu amsaidie amalize.

Ndani ya nyumba nako kuna fedha inavuja. Nitapita haraka.

Umeme. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti moja shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida ni 292. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja haiwezi kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo mpangaji mwenye taa moja na simu ya kuchaji analipa bei ya mwenye friji. Nyumba moja Manzese walikuwa wanagombana kila wiki, nani ana pasi, nani ana hita ya maji, mpaka wakachangishana wakaweka mita ndogo kila chumba. Bei ya uniti haikushuka, lakini kila mtu akalipia chake, na ugomvi ukaisha.

Na kuna hili ambalo wengi hamlijui. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayekatwa. Lakini kodi ya majengo ni ya nani? Ni ya mwenye jengo. Tunza ujumbe wa LUKU, na siku ya kulipa kodi mwonyeshe kwa adabu, mkubaliane apunguze. Kwa mwaka ni 18,000.

Maji. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50. Ukinunua dumu shilingi 100, umelipia uniti moja shilingi 5,000, na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kwa maji hayohayo haikudai hata nusu yake. Wapangaji wakichangia pamoja na mwenye nyumba kuvuta bomba uani, kiasi hicho kikaandikwa na kukatwa kwenye kodi, wote wanapata. Kiandikwe, lakini.

Hapo kwenye kuandika ndipo watu wengi wanapoumia. Mkataba uwe wa maandishi, hata ukurasa mmoja wa daftari, wenye majina, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, nani analipia nini, na mashahidi, mmoja awe wa serikali ya mtaa. Lipa kwa njia inayoacha alama, simu au benki. Kama hamkuandika muda, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema notisi ya kukutoa isiwe fupi kuliko kipindi unacholipia kodi. Anayelipa kwa mwezi, notisi ya mwezi. Mkishindwana kabisa lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msifike huko kama mnaweza kuelewana kwa mjumbe.

Nimalizie na waajiri, maana nimewaona wawili humu na nafurahi wamekuja. Ndugu zangu, mfanyakazi wenu akikaa karibu na kazi anawahi, na akilala usingizi hakosei. Kuna kampuni moja ndogo niliyoiandalia mishahara, mwenye kampuni alikuwa anamlipia mfanyakazi kodi ya miezi sita, halafu tunakata sehemu moja ya sita kila mwezi, bila riba. Karatasi moja tu ya ridhaa, imesainiwa, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka kwa makato ya namna hiyo. Kwa muda wote niliokuwa pale hakuna aliyekimbia na deni. Na dirishani kwangu tarehe 10 hakuja mtu wa advansi. Haikumgharimu bosi yule riba wala zawadi. Aliwakopesha watu wake muda, basi. Nanyi mnaweza. Msingoje sheria iwalazimishe.

Na sisi tuidai sheria. Diwani akija, tumwambie. Mbunge akija kuomba kura, swali la kwanza liwe hili: mshahara wangu unalipwa kwa mwezi, kwa nini kodi yangu iwe ya miezi sita? Mwaka 1984 nchi hii iliona inafaa kuwa na sheria ya kodi za nyumba. Sidai irudi kama ilivyokuwa, ile ya kupanga bei ilikuwa na matatizo yake. Nadai kitu kidogo: mpangaji mwenye amana ya mwezi mmoja awe na haki ya kulipa kwa mwezi.

Sasa kazi. Pale mlangoni kwa katibu kuna daftari. Kila anayetaka, aandike vitu vitatu: mtaa anaoishi, kodi yake ya mwezi, na mwezi ambao kodi yake inaisha. Msiandike mshahara, hatuutaki. Nitakaa na katibu wiki hii tuwapange sitasita, wa bei zinazokaribiana na tarehe zinazopishana, na Jumapili ijayo saa tisa mchana tunakutana hapa kila kundi likajichagulie wadhamini. Ambaye kodi yake inaisha mwezi huu asiondoke kabla hajaniona.

Maswali. Tuanze na yule dada wa nyuma mwenye sare ya bluu, ameinua mkono muda mrefu.